Mchanga Chini ya Uwanja wa Ndege

Shule niliiacha darasa la tatu, ng'ombe wa baba walipokosa mchungaji. Sitafuti huruma. Nataka tu ujue kwamba haya ninayoyaandika niliyaona kwa macho yangu na kuyakanyaga kwa miguu yangu, sikuyasoma mahali.

Nje kidogo ya mji wa Bariadi kulikuwa na kiwanja cha ndege. Usifikirie lami wala taa. Kilikuwa majani yaliyofyekwa, mawe yaliyopakwa chokaa pembeni, na mfuko wa kitambaa juu ya mti wa kuonyesha upepo unakoelekea. Miaka nenda rudi hakuna kilichotua pale isipokuwa kunguru. Mbuzi walikula majani ya uwanja na hakuna aliyewafukuza.

Halafu ikaja miaka ya ruksa. Sabuni zikarudi madukani. Radio zikawa nyingi, mitumba ikamwagwa chini sokoni, na pamba ambayo zamani ilikuwa na mnunuzi mmoja tu ikaanza kugombewa. Matajiri walikuja na magari yao na mizani yao, kila mmoja na maneno yake matamu. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshatoka kwenye biashara ya ngozi, nimeshanunua lori kuukuu. Nikawa nakusanya pamba Dutwa na vijiji vyake, naipeleka Malampaka kwenye reli. Nilikuwa na nguvu. Nilikuwa na sauti. Mtu akinitafuta sokoni alikuwa anaelekezwa kwa sauti yangu.

Tajiri mmoja akaja kwa ndege.

Nilikuwa nimesimama juu ya mzigo wa pamba. Ndege ilitoka upande wa jua, ndogo, nyeupe, haina haraka. Ilizunguka mara moja juu ya mto, ikashuka polepole kama unyoya wa pamba uliopeperuka kutoka kwenye gunia. Ilipogusa majani, mbuzi wote walikimbilia upande mmoja, na kivuli chake kikapita juu ya lori langu, juu yangu mimi mwenyewe, nikasikia ubaridi mgongoni. Tangu siku hiyo kitu fulani kiliingia kichwani mwangu hakikutoka. Nikijilaza mchana baada ya kula michembe, vile viazi vilivyokaushwa, na maziwa, macho yakiwa yamefumba nusu, naiona ndege inashuka. Mara imebeba pamba, mara imebeba watu wenye mabegi, mara haina kitu kabisa. Inakuja hadi mlangoni kwangu na kuzima.

Basi nikatafuta mlango.

Kati ya kiwanja na mto kulikuwa na eneo tambarare ambalo watu walikuwa wameliacha. Zamani za wazee wetu mto ulipita hapo, kisha ukahama. Ulibaki mchanga mtupu, ule tunaouita luseni, juu kukiwa na nyasi kidogo. Nikawaomba wazee wa kijiji, wakanipa huku wanacheka. Kiangazi hicho nilichimba msingi. Mawe niliyakokota kwa mkokoteni wa ng'ombe kutoka kwenye miamba, mengine makubwa kuliko ndama, nikayapanga kwa mikono hii. Vyumba vinne vya wageni na sebule pana inayotazama uwanja. Mtu akishuka kwenye ndege, gesti yangu iwe kitu cha kwanza kuona. Fundi aliniuliza kwa nini sebule iwe kubwa kuliko vyumba vyote kwa pamoja. Nikamwambia, "Watu wa ndege hawakai kwa kubanana."

Haukupita muda, habari ikaja kutoka wilayani: uwanja utarefushwa ili ndege kubwa zaidi zitue. Kulikuwa na njia mbili. Urefushwe kwenda juu, upande wa miamba, ambako kuna kilima cha kusawazisha. Au uteremke kwenda mtoni, kwenye tambarare, na kuishia hatua chache kabla ya sebule yangu. Nani angechagua kilima? Mvua zilipoanza niliusubiri ule uwanja kama mtu anayesubiri mkwe. Nilikuwa nimemaliza karibu ng'ombe wangu wote kwenye mawe yale, na nusu ya mji ilikuwa imeshaniita Mzee wa Ndege. Uwanja ukija, jina lile ni sifa. Usipokuja, ni kejeli ya maisha.

Mvua za masika zilipokatika, mtaalamu wa udongo akafika. Alikuwa mwanamke, si mtoto lakini bado kijana kwangu, amevaa suruali na buti za matope, na kofia ya kijani. Alikuja na vijana wanne na mtambo wa miguu mitatu wenye nyundo nzito iliyoning'inia juu. Nilikwenda kumlaki kama mwenye mji.

"Mwadila, mayu," nikamsalimu kwa Kisukuma, mayu yaani mama.

"Shikamoo, mzee. Hilo la kwanza sijalijua bado."

"Marahaba. Ni salamu ya mchana. Utaijua, utakaa nasi."

Alicheka, akaendelea na kazi. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: wanasimamisha bomba la chuma, wanainua nyundo kwa kamba, wanaiachia. Ti! Inainuliwa tena. Ti! Kijana mmoja anahesabu mapigo kwa sauti mpaka bomba lizame kipimo chao. Halafu wanalitoa na kulifungua, na ndani yake ardhi imelala kama soseji, tabaka kwa tabaka. Upande wa juu walipiga hadi jasho likawatoka, bomba likigoma. Walipokuja upande wangu, nyundo ilishuka mara chache tu, na bomba likateremka taratibu kama kijiko kwenye mtindi. Kijana wa kuhesabu alikuwa hajapasha hata sauti.

Sikuipenda ile sauti iliyokatishwa.

"Inaingia vizuri," nikasema.

"Inaingia vizuri mno, mzee. Hilo ndilo tatizo."

Akaomba karai kwenye eneo langu la ujenzi. Akalijaza mchanga uliotoka kwenye bomba, akamimina maji mpaka ukang'aa, akauacha utulie. Kisha akasimamisha tofali langu juu yake, wima.

"Kandamiza."

Nikakandamiza. Tofali lilisimama imara, mchanga haukutikisika. Nikamtazama kwa ushindi. Yeye akakunja ngumi, akaanza kugonga ubavu wa karai, pole pole, kama anabisha hodi kwa mgonjwa. Mchanga ukabadilika rangi. Ukalainika, ukang'aa kama ngozi iliyopakwa mafuta, na tofali langu likainamisha kichwa. Likalala upande. Likazama lote, bila haraka, kama mtu anayepitiwa na usingizi. Maji yakabaki juu yake, safi, unaona mawingu ndani yake.

Sitadanganya, lilikuwa jambo zuri kutazama.

"Chembe za mchanga zimeegemeana," alisema akifuta mikono. "Ndizo zinazobeba mzigo. Ukitikisa mchanga uliolegea na uliojaa maji, zinaachiana, na mzigo wote unaangukia maji. Maji hayana mabega. Kwa muda huo ardhi si ardhi tena, ni uji."

"Na nani atakayetikisa?"

"Tetemeko. Bonde la Ufa haliko mbali na hapa. Hujawahi kusikia ardhi inatetemeka?"

"Nimesikia. Vyombo vinagongana, mbwa wanabweka, imekwisha. Mama yangu alikuwa anasema ardhi imegeuza ubavu, tulale."

"Iko siku inaweza kugeuka kwa nguvu. Siku hiyo madaraja yatakatika na barabara zitapasuka. Dawa na madaktari watakuja kwa ndege. Sasa uwanja nao ukizama, nani atawafikia?"

"Binti yangu, hilo ni karai. Huu ni ulimwengu."

"Ulimwengu ni karai kubwa, mzee."

Nilimpenda kwa jibu hilo na nilimchukia kwa jibu hilo. Nikamuuliza kama shauri limekwisha. Akasema bado, atakwenda Mwanza na sampuli zake, atarudi wiki inayofuata kurudia shimo moja upande wangu, ili awe na hakika kabla hajasema neno wilayani.

"Vizuri. Ukirudi utakuta pagumu."

"Pagumu kwa nini?"

"Kwa miguu."

Alidhani namtania. Mimi si mtu wa kutania kuhusu nyumba. Ujue kwetu kila kitu kigumu kimetengenezwa kwa miguu. Sakafu ya nyumba tunaimwagia maji na kuikanyaga mpaka iwe kama kigae. Uwanja wa kupuria mtama unachezewa ngoma, unapakwa samadi, unakaushwa, na nafaka haipotei hata punje. Zizi likikanyagwa na ng'ombe miaka mingi, jembe linaruka likigonga. Nani aliwahi kuona kitu kinacholegea kwa kukanyagwa? Nikamwambia wazi, aje aone mwenyewe. Sikuwa na la kuficha.

"Ulegevu uko chini sana, mzee," alisema, sasa bila kucheka. "Chini kuliko urefu wako."

"Ngoma yetu inasikika mbali kuliko urefu wangu."

Nikamwendea kiongozi wa vijana, yule tunayemwita nsumba ntale, ambaye akipiga filimbi vijana wote wa kijiji wanatoka kulima shamba la aliyewaalika, na malipo yao ni dume la kuchinjwa. Nikamwambia sina shamba la kulima, nina ardhi ya kushindilia. Nataka bugobogobo, ngoma ya jembe, yenye vishindo.

"Tulime au tucheze?"

"Mcheze."

"Dume ni lile lile?"

"Lile lile."

"Mzee, mimi nimekuwa nsumba ntale miaka mingi, sijawahi kupata kazi tamu kama hii."

Siku yenyewe ilikuwa ya mwanga mwingi. Pamba ilikuwa imepasuka mashambani pande zote, nyeupe mpaka macho yanauma, na joto lilikuwa linapanda kutoka kwenye uwanja kama maji yanayochemka bila sufuria. Kwa mbali watu waliokuwa wanakuja walionekana hawana miguu. Wanaelea. Halafu ngoma zikalia na wote wakapata miguu kwa pamoja.

Sijui nikuelezeje. Mpaka leo nikiikumbuka siku ile nashindwa kutenganisha niliyoyaona na niliyoyaota baadaye. Majembe yalirushwa juu, yakageuka, yakawaka juani, yakadakwa. Njuga zilipiga miguuni. Mstari wa vijana ulianzia mwisho wa uwanja, ukawa unashuka kuelekea mtoni, na kila unapopita ardhi ilibaki imelala, imenyooka, inang'aa. Wazee walitikisa vichwa. Gete, walisema, kweli kabisa. Mama watoto wangu alikuwa amesimama na kibuyu cha maziwa, hasemi kitu, na yeye asiposema kitu ujue ana la kusema. Mtaalamu alifika katikati ya wimbo. Akashuka garini, akaegemea mlango, akatazama.

"Unaona?" nikamwambia.

"Naona. Bado hawajafika kwenye msingi."

Wakafika.

Mwanzoni nilidhani ni macho yangu. Vijana walikuwa wameuzunguka msingi wa sebule yangu, wanatua wote kwa mguu mmoja, na ardhi ikawa inarudisha mguu. Inawarusha kidogo, kama kitanda cha kamba. Wakafurahi, wakaongeza. Wapiga ngoma wakaongeza. Nyayo zikaanza kulowa, na hapakuwa na mvua wala mtu aliyemwaga ndoo. Maji yalikuja yenyewe kutoka chini, kati ya vidole vyao. Mchanga ukang'aa. Ukawa unatetemeka wote kwa pamoja, kama mtindi kwenye kibuyu kinachobebwa. Ngoma kubwa iliyowekwa chini ikainama na mpigaji wake akawa anaifuata, bado anapiga, hajui kwamba anashuka. Kijana mmoja mnene kuliko wote akazama hadi kwenye magoti. Akajitazama miguu, akanitazama mimi.

"Mzee," aliita, "dume lako nitalilia humu humu?"

Watu walicheka, na mimi nikacheka, kwa maana ilikuwa inachekesha. Halafu kona ya msingi wangu, ile ya sebule inayotazama uwanja, ikazama.

Haikuanguka. Haikupiga kelele. Jiwe kubwa kuliko yote, lililowahi kunivunjia ekseli ya mkokoteni, liliinamisha kichwa, likateremka upande wake, na mawe yaliyokuwa juu yake yakalifuata kwa adabu, moja baada ya jingine. Ngoma zikakatika. Nikasikia tu mchanga unatoa mapovu.

Na palipotulia, pakashika. Mchanga uliokuwa uji ukawabana vijana miguu kana kwamba umewasubiri siku zote. Wote walitoka kwa kuvutwa mikono na wenzao, na njuga zikabaki chini, hazikupatikana. Kwa upande wa barabara wachezaji wa kundi la wapinzani wetu walikuwa wamekuja kutazama, maana wachezaji hupelelezana. Mmoja akapaza sauti:

"Mzee wa Ndege! Sasa ununue mtumbwi!"

"Na wewe njoo nikupige kasia!" nikamjibu. Ulimi wangu ulikuwa bado na nguvu. Mimi mwenyewe sikuwa nayo.

Mtaalamu alikuja akachuchumaa kwenye ile kona. Nilisubiri anicheke. Nilikuwa nimeshatayarisha tusi.

"Hii ni miguu tu, baba," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita baba. "Imegusa mchanga wa juu tu. Tetemeko linatikisa kuanzia chini, linatikisa wote kwa pamoja."

"Hakuna dawa?"

"Ipo. Kuna mitambo ya kutikisa mchanga makusudi mpaka ushikane, na kuchimba nguzo za kokoto za kupitishia maji. Kwa uwanja wa majani hakuna atakayeleta mitambo hiyo hapa. Nitawaambia wilayani uende juu, wavumilie kile kilima."

"Na nyumba yangu?"

"Nyumba ni yako. Mimi nimetumwa uwanja. Siwezi kukuzuia."

Afadhali angenizuia. Mtu akinizuia najua la kufanya, maisha yangu yote nimesonga mbele kwa kuzuiwa. Nilisimama pale hadi dume likachinjwa, likachomwa, likaliwa. Vijana wakaondoka wakiimba wimbo mpya, na mimi nilikuwa ndani ya wimbo huo. Kichwani nilikuwa naipandisha nyumba. Nitaongeza mawe. Nitamwaga zege nene. Nitajenga hapa hapa, uwanja uje usije, waone.

Mama watoto akaja akasimama upande wa pili wa ile kona.

"Unafikiria kuongeza mawe," alisema.

"Nani kakwambia?"

"Uso wako. Nikuulize kitu. Unataka nyumba, au unataka kuwashinda waliocheka?"

"Vyote."

"Havikai pamoja humu. Mimi nitakufuata popote, umenijua. Lakini siwezi kulala juu ya uji, na wageni wa watu sitawalaza juu ya uji. Wakizama ni sisi tuliowakaribisha."

Aliondoka na kibuyu chake. Hakuongeza neno, na neno la nyongeza ningeweza kuligombania. Lile la wageni ndilo lililonishinda. Nilikuwa nimewaona mara elfu wakishuka kwenye ndege yangu ya mchana, na mabegi yao, wamechoka, wananiamini. Sasa nikawaona wamelala kwenye vyumba vyangu vinne, na ardhi inainamisha kichwa.

Asubuhi nilimfunga ng'ombe wa kukokota mnyororo, nikaanza kuyatoa mawe. Nsumba ntale alikuja kusema vijana watanisaidia, hawataki dume. Nikamkatalia. Niliyaleta mimi. Kila jiwe lilitoka kwa sauti ya kufyonza, kama mtu anayenyang'anywa mkate mdomoni. Niliyapeleka juu, kwenye shamba la karanga la mama watoto, kwenye udongo mkavu wenye miamba chini yake, upande mwingine kabisa, mbali na kiwanja, mahali ambapo ndege yoyote itakayokuja utaisikia tu huioni. Watu walipita njiani wakiniuliza nafanya nini. Nikawaambia nahamisha nyumba. Hiyo ndiyo ilikuwa kweli.

Mitaro ya msingi ilijaa maji nyuma yangu. Yalipanda yenyewe, kimya, safi kabisa, yakafuata mistari yangu yote: chumba cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne. Sebule ilikuwa kubwa kuliko vyumba vyote kwa pamoja, ikawa dimbwi lenye pembe nne, na mbingu yote ya Bariadi imeingia humo. Jioni, nikiwa nafunga mnyororo kwenye jiwe la mwisho, ng'ombe wa jirani wakateremka. Walisimama kwenye ukingo, wakanusa. Halafu dume jekundu likatumbukiza mdomo, na wengine wakajipanga kando yake, wameizunguka sebule yote, wanakunywa.

Jirani akaja mbio na fimbo, ameshikwa na aibu.

"Baba, nisamehe, niwatoe? Wameingia nyumbani kwako."

Niliwatazama. Walikuwa wanakunywa taratibu, masikio yanacheza, na viwimbi vinatoka midomoni mwao kwenda kugonga ukuta ambao haukuwepo.

"Waache wamalize," nikasema. Nikamchapa ng'ombe wangu, jiwe likatoka, tukaanza kupanda.